Siku Mama Alipokuwa Kinara cha Mishumaa

Mama yangu ameigiza katika filamu moja tu maishani mwake, na humo hakuwa mtu. Alikuwa kinara cha mishumaa. Filamu yenyewe ni katuni, lakini si ya watoto, na hilo nitalieleza baadaye kwa sababu liliniletea aibu. Ni ya kuchekesha, watu wanaimba hata pasipo na sababu, na mambo yake yanatokea katika zile siku nane za Desemba ambazo Wayahudi huwasha taa. Kuna mjomba anaimba bafuni bila nguo. Mama hakuambiwa habari za mjomba. Mimi pia sikuambiwa.

Nianze na jinsi Mama alivyofika Minnesota. Baba alipofariki, mimi nilikuwa huku Marekani na kaka yangu yuko Australia. Tulipigiana simu, tukakubaliana kwamba Mama hawezi kukaa peke yake kule Taita, mlimani, na kaburi la Baba pale nyuma ya tangi la maji. Tukaamua aje kwangu. Hilo neno "tukaamua" nalitumia makusudi. Mama hakuwa kwenye hiyo simu.

Karatasi zake zilipotoka akaja, mwezi wa tano, na koti jepesi na kilo nyingi za majani ya chai. Ninakaa Apple Valley, mahali ambapo nyumba zinafanana na hakuna mtu anayetembea kwa miguu isipokuwa ana mbwa. Wiki ya kwanza Mama alisimama kwenye dirisha la sebule akaniambia, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe liko wapi?" Nikamwambia hapa hatulimi, nyasi hukatwa na mtu anayekuja na mashine. Akauliza nyasi hizo ni za ng'ombe gani. Nikamwambia si za ng'ombe.

Kesho yake niliporudi kutoka shifti nikakuta amechimbua maua yangu yote ya mbele kwa kijiko cha kupakulia, amepanda sukuma wiki. Mbegu alikuja nazo ndani ya soksi, na siku ile uwanja wa ndege nilikuwa nimesimama kando yake nikimwambia ofisa kwamba hatuna kitu. Sukuma zikastawi ajabu. Jirani alipita na mbwa wake akasema bustani yangu ni tofauti. Mtu wa Minnesota hasemi kitu ni kibaya. Husema ni tofauti.

Mwezi wa kumi baridi ikashuka usiku mmoja, na asubuhi sukuma zote zilikuwa zimelala chini, nyeusi, kama zimechemshwa. Mama akatoka amevaa koti langu, akaziangalia.

"Niko sawa," akasema.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kitu kimoja kilinisumbua kuliko sukuma. Mama alikuwa ameacha kuimba. Huyu ni mwanamke aliyeimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa akiimba akiosha vyombo, akiimba akinichapa. Kwangu alikuwa anaosha vyombo kimya, na vyombo vyenyewe alikuwa anaviosha mara mbili kwa sababu haiamini ile mashine ya kuoshea. Kanisani kwetu, pale mtaa wa Phillips tunapokodi ukumbi, nyimbo nyingi ni za Kiingereza na maneno hutokea ukutani. Mama alikuwa akiyatazama hayo maneno kama mtu anayesubiri basi. Kila Jumapili jioni kaka yangu alikuwa akipiga simu kuuliza, "Ametulia?" Nami nilikuwa nikijibu, "Ametulia." Nilitaka iwe kweli. Nilikuwa nimemzoea nyumbani, harufu ya chai yake kila nilipoingia, na sikutaka kabisa kurudia kuishi na televisheni.

Sasa hii habari ya kinara. Januari mtambo wa joto ulikufa nyumbani, na katika baridi ile huwezi kumwacha mzazi ndani ya nyumba isiyo na moto. Nikamchukua Mama hadi kazini. Mimi ni nesi katika nyumba ya wazee huko Eden Prairie. Nilimkalisha sebuleni kwao, karibu na bibi mmoja Myahudi ambaye mjukuu wake alikuwa akija kumtembelea. Kisha nikafanya kosa la kutoka nje kuchukua kitu kwenye gari bila kofia.

Niliporudi Mama akaanza. "Ala! Wewe ni mzima? Kichwa chako ni cha chuma? Umesoma uuguzi au umesomea ujinga? Ukianguka hapa ni nani atanizika mimi, ni huyu wa nyasi?" Alinifuata korido nzima, sauti ikipanda na kushuka, hadi kwenye chumba cha dawa ambako yeye haruhusiwi kuingia.

Yule mjukuu alikuwa amesimama mlangoni kwa nyanya yake, mdomo wazi. Akaniuliza kwa upole kama Mama anaimba.

"Hapana," nikamwambia, "ananigombeza."

Akaeleza kwamba yeye na wenzake wanatengeneza katuni. Ni hadithi ya ndugu wanaogombania kinara cha mishumaa cha nyanya yao aliyekufa. Kila usiku kinara kinazungumza, lakini kwa lugha ambayo hakuna anayeielewa, na kila ndugu anajidai anaielewa yeye. Walikuwa wamechora kila kitu, isipokuwa kinara hakikuwa na sauti. Walijaribu lugha ya kubuni, ikasikika ya kubuni. Je, mama yangu angekubali kuja kwenye studio yao kuimba wimbo mmoja?

Nilimweleza Mama nikitarajia akatae.

"Ni Myahudi?" akauliza. "Myahudi mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akarekebisha kilemba. "Hao ndio wenye Biblia. Twende."

Nami nikafurahi. Nilijiambia, akiimba atatulia.

Hiyo Jumamosi alivaa kitenge kipya, kile kigumu ambacho hakijafuliwa hata mara moja, na bangili za kanisani mikono yote miwili. Akapika chapati akazifunga kwenye kitambaa, kwa sababu hatuendi kwa watu mikono mitupu. Studio ilikuwa Minneapolis, ghorofa ya pili, juu ya duka la baiskeli. Mama alimsalimu kila mtu kwa mkono, akasali kwa ajili ya vyombo vya umeme, kisha akamuuliza yule kijana yeye ni wa kabila gani katika yale kumi na mawili. Kijana akafikiri kwa makini, akasema kwamba kwao ni Saint Louis Park. Mama akaniangalia. Nikamwambia ni upande wa magharibi, si mbali.

Wakamweka ndani ya chumba kidogo chenye kuta za sponji, mbele ya maikrofoni. Akapumua tu, na fundi wa sauti akavua vifaa vya masikioni. Kitenge kilikuwa kinalia kama mtu anayekunja gazeti. Bangili nazo zilikuwa na wimbo wao. Wakaomba, kwa adabu nyingi, kama anaweza kuvaa kitu laini zaidi. Ndani ya gari nilikuwa na sare yangu moja tu safi ya kazini, yenye picha za pengwini. Basi mama yangu, aliyejiandaa kuwaimbia wana wa Israeli, akaingia humo akiwa amevaa pengwini.

"Tena na wewe ulijua," akaniambia, ingawa sikujua.

Kijana akamweleza kazi polepole. Kiingereza cha Mama ni cha shule ya msingi ya zamani, na akitaka kuelewa anaelewa. Akamwambia: fikiria wewe ni kinara. Umetolewa mbali, ukaletwa kwenye nyumba usiyoijua. Umewekwa dirishani. Wanakupenda, lakini siku nyingi za mwaka hawakuoni. Imba chochote ambacho kinara kingesema, kwa lugha yako, maneno ni yako.

Mama aliniangalia kupitia kioo. Nikadhani anaogopa. Hapo hapo mmoja wao akaingia mbio kutuambia jiji limetangaza dharura ya theluji na magari yaliyoegeshwa upande wetu wa barabara yanavutwa na kuondolewa. Ikabidi nitoke. Nilizunguka mitaa ile nikitafuta mahali pa kupaki, nikimlaani meya, theluji na duka la baiskeli, na niliporudi walikuwa wamemaliza. Fundi wa sauti alikuwa anafuta macho. Kijana akasema hawajawahi kusikia kitu kama kile. Chapati zilikuwa zimeisha.

"Umeimba nini?" nikamuuliza Mama kwenye gari.

"Maneno ya taa," akasema. "Si aliniambia niseme maneno ya taa?"

Nikaridhika. Jioni hiyo nilimwambia kaka yangu kwamba Mama ametulia sana, hata ameanza kuimba.

Filamu ilionyeshwa Desemba iliyofuata, katika jumba moja la zamani la sinema mjini. Na hapa ndipo palipo na aibu yangu. Kijana alikuwa ameniambia waziwazi kwamba ni ya watu wazima. Lakini aliposema katuni, masikio yangu yalijifunga hapo. Kwetu katuni ni ya watoto, basi, hakuna katuni ya mzee. Nikamwambia mwenyekiti wa akina mama wa kanisa kwamba Mama yumo katika katuni ya sikukuu ya Wayahudi. Yeye naye akasimama mbele ya ushirika wote akatangaza: mama yetu ameimba katika filamu ya Agano la Kale, leteni watoto.

Wakaja. Akina mama wamevaa sare za kwaya, watoto wamechanwa nywele hadi macho yamevutika. Msichana wa tiketi akatuangalia kwa huruma, akasema watoto hawawezi kuingia.

"Katuni gani inakataza watoto?" mwenyekiti akaniuliza mimi.

"Labda viti havitoshi," nikasema.

Ikabidi mama mmoja abaki mapokezi na watoto wote na ndoo ya bisi. Sisi wengine tukaingia, tukajaza mstari mzima katikati ya sinema, Mama kando yangu, mwenyekiti upande wa pili.

Katuni ikaanza. Ndugu wakatukanana kwa wimbo. Viazi vilivyokunwa vikacheza ndani ya mafuta ya moto huku vikisema mambo ambayo kiazi hakipaswi kujua. Kisha mjomba akatokea bafuni. Mwenyekiti akainua mkoba wake akajiziba uso. "Shetani ashindwe," akasema. Kila baada ya muda aliushusha kidogo kuona kama mjomba amemaliza. Mjomba alikuwa na beti nyingi. "Lakini sauti anayo," mwenyekiti akanong'ona mwishowe. Mimi nilikuwa nasali ardhi ipasuke. Mama alikaa wima, mikono juu ya mkoba, akitazama kama mtu aliyealikwa kwenye harusi ya watu wengine.

Halafu taa za ile nyumba ya katuni zikazimwa, kikabaki kinara dirishani, nje theluji ya kuchorwa inaanguka. Kikafungua mdomo. Ikatoka sauti ya Mama, ile ya kuoshea vyombo, ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba.

*Nimewekwa dirishani, natazama barabara,
wenye nyumba wametoka, wamekwenda na magari.
Wakirudi wamechoka, huniuliza, umekula?
Nimekula, nimekula. Na sijui nimekula nini.*

Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiingereza, tafsiri waliyojitungia wenyewe. Yalisema kinara kinamtukana mjomba kuhusu makalio yake. Sinema nzima ikaangua kicheko. Mbele yangu mzee mmoja alikuwa anapiga goti kwa kofia.

*Nirudisheni nilikotoka, hata kama kuna giza.
Giza la kwetu nalijua, nalipapasa kwa mkono.
Yupo mtu ananingoja, amelala kando ya maji,
magugu yamemfunika, na jembe liko kwangu.*

Maandishi yalizidi kuwa machafu, na watu walizidi kucheka, wengine wakilia kwa kucheka. Mstari wetu peke yake ndio haukucheka. Mwenyekiti alikuwa ameshusha mkoba. "Uuuwi," akasema polepole. Mkono wake ukanishika goti, na nikajua kwamba kanisa zima limeshasikia, na kwamba mimi ndiye mwenye nyumba wa kwenye huo wimbo, ninayekwenda na gari. Niliona haya. Kisha nikakasirika, nikamkasirikia Mama kwa kunianika mbele za watu. Hiyo hasira haikudumu hata ubeti mmoja, kwa sababu ubeti wa mwisho ulikuwa huu:

*Binti yangu mtu mwema, jamani msimwambie.
Akisikia atalia, na kesho ana kazi.*

Watu walipiga makofi filamu ikiwa katikati. Mimi nililia. Mimi si mtu wa kulia, nimefunga macho ya wafu wengi kazini na kwenda kunywa chai, lakini siku hiyo nililia hadi kamasi. Mama hakugeuka. Alifungua mkoba, akatoa leso, akanipa huku anatazama mbele.

Ilipoisha, kijana akatufuata hadi mapokezi, ambako watoto walikuwa wamerushiana bisi zote. Alikuwa amewaona akina mama wetu wakifuta macho, na uso wake ulikuwa umeingia wasiwasi. Akaniuliza kama wamekasirishwa na mjomba. Nikamwambia mjomba ni wa kesho, watamzungumzia kesho. Akauliza basi ni nini. Nikamtafsiria wimbo, mstari kwa mstari, pale karibu na mashine ya bisi. Kijana akawa mweupe kuliko alivyokuwa. Akasema hakujua, akasema atayatoa yale maandishi yote, ataweka maneno yake ya kweli, kesho yenyewe.

Nikamweleza Mama anachosema.

"Mwambie aache," Mama akasema. "Watu wamekuja kucheka."

Akamshika kijana shavu, akamuuliza nyanya yake anaendeleaje, akamwambia avae kofia.

Tuliendesha hadi tukavuka mto. Barabara ilikuwa nyeupe na magari yalikuwa yanatambaa. Mwishowe nikamuuliza, "Unataka kwenda lini?"

"Kwani umesikia?"

"Mama, sinema nzima imesikia."

"Sinema nzima imecheka," akasema. "Nakuuliza wewe."

"Nimesikia."

Akashusha pumzi, akalegeza mkanda wa gari ambao siku zote huukaza kama anafunga mzigo. "Nyumbani nisingeweza kukuambia. Ungesema, Mama, si nimekununulia buti? Ungekuwa na haki. Buti ni nzuri." Akatazama nje. "Nataka nikute masika. Nikikosa masika nimekosa mwaka."

Nilitaka kumwambia asiniache. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa, nayasikia mpaka leo. Nilitaka kusema, na mimi je, nani atanipikia chai, nani atanigombeza? Nikasema, "Basi utakuta masika."

"Mkataa kwao mtumwa," akasema, lakini alilisema kwa upole, na sikujua kama analisema kwa ajili yake au yangu. Kisha akaanza kuimba kwa sauti ya chini, wimbo wa kwaya yao wa zamani. Nikajaribu kuingia naye. Akaacha, akasema nimeshuka sauti, nimeshuka kama baba yangu, na kwamba niangalie barabara.

Aliondoka Machi na zile buti ndani ya sanduku. Anazilimia. Kaka yangu alipopiga simu kuuliza nimewezaje kumwachilia, nilimwambia ameshatulia. Akasema nimekuwa nikimwambia hivyo siku zote. Nikamwambia hapana, zamani nilikuwa namdanganya.

Desemba hii walionyesha filamu tena. Niliingia peke yangu baada ya shifti, nikiwa na pengwini zangu, nikakaa nyuma. Maandishi ni yale yale, mjomba ni yule yule, na kinara kilipofungua mdomo watu walicheka kama wa mwaka jana. Nilirudi nyumbani, nikawasha taa ya jikoni, nikampigia Mama. Kwao kulikuwa kumekucha. Alikuwa amesimama shambani, simu ameielekeza kwenye mahindi badala ya uso wake, na nyuma ya mahindi nikaliona tangi.

"Walicheka?" akauliza.

"Walicheka sana."

"Na wewe?"

"Na mimi nilicheka."

"Mwongo," akasema. Akageuza simu, nikauona uso wake, umekonda kidogo na unang'aa jasho. Akanitazama kwa muda, mimi na jiko langu na dirisha langu jeusi. "Umekula?"

"Nimekula, Mama," nikasema. "Nimekula."